Pacha wa Mzee Kikoti Hajaambiwa

Mwalimu Shaweji alipotuuliza tena mwizi ataingilia wapi, uvumilivu wangu ulikuwa umeshaisha kabisa. Tangu asubuhi tunachora. Bomba la baridi linatoka kilindini baharini, linaingia kituo cha pampu, linagawanyika matawi ya mji mzima wa Mtwara, kila tawi lina lango lake, na kila lango lina mtambo wa kulifungua na kulifunga. Mimi nipo kwenye Mtandao wa Baridi tangu jua lilipoanza kuua watu mchana kweupe. Laini zote nazijua. Halafu meneja ananitoa kwenye zamu yangu, ananikalisha kwenye kiti cha plastiki nifundishwe kuchambua vitisho vya kimtandao. Kisa? Eti Otilia Luambano ana mdomo, na kazi hiyo inataka mtu mwenye mdomo.

"Ataingilia kwenye nywila," akasema mwenzetu mmoja.

"Kwenye simu za mafundi wa nje," akasema mwingine.

Mwalimu akafuta vyote ubaoni. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa kukera, anaongea kama vile hana pa kwenda.

"Tishio ni mwizi," akasema. "Udhaifu ni komeo bovu. Hatari ni ile hasara mtakayoamka nayo. Msivichanganye. Tangu asubuhi mnanitajia makomeo tu. Mimi nauliza hivi: kwenye mfumo wote huu, nani akisema ndiyo, lango linafunguka?"

"Mafundi wakuu," nikajibu, ili mradi tumalize tukale. "Na mapacha wao."

Hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akatutaka tuwaangalie wote waliosema ndiyo wiki ile, mmoja mmoja, mapacha na wenyewe. Pacha, kwa asiyefahamu, ni akili ya mtambo inayokaa na fundi mkuu miaka na miaka, ikijifunza sauti yake, maamuzi yake, anavyokubali na anavyokataa, ili mwenyewe akilala au akienda kanisani, yeye ashike zamu. Mtu akitaka ruhusa anampigia pacha kama anavyompigia mwenyewe.

Ukutani pakatokea ruhusa moja ya ajabu. Jana yake asubuhi lango la chumba cha baridi cha sokoni lilifungwa, likakaa hivyo kidogo, likafunguliwa. Hakuna aliyelalamika. Samaki hawakupata hata muda wa kulegea.

"Nani aliruhusu?" akauliza mwalimu.

"Kikoti," akasoma mmoja.

"Kikoti yupi?" nikauliza.

"Mzee Kikoti mwenyewe. Yustino."

Jamani. Mzee Yustino Kikoti tulimzika. Mimi ndiye niliyejilaza kizingitini siku jeneza linatoka, nikasema Mhehe huyu hapiti hapa mpaka nipewe kuku, maana mimi ni Mngoni wa Peramiho, na yeye ni mtani wangu, na mtani asipoleta vurugu msibani atasemwa mpaka wajukuu zake wasikie. Nilipewa jogoo. Nikainuka, akapita, akaenda kuzikwa. Na sasa naambiwa jana asubuhi alikuwa anatoa ruhusa.

Darasa zima likaanza kuangalia viatu.

"Ni pacha wake, dada Oti," akasema yule wa nywila kwa sauti ya chini. "Ameachwa mpaka arobaini."

"Nani kasema aachwe?"

"Hakuna aliyesema. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

Mwalimu akageukia ukutani. Akaifungua sauti ya yale maombi ya jana, tukasikiliza. Mtu alikuwa na sauti ya adabu, kijana hivi. "Shikamoo mzee. Pole na kazi. Mimi fundi wa nje, niko hapa sokoni. Nimefiwa na mama, nataka niwahi basi. Naomba unifungie lango mara moja nimalizie kifaa hiki."

Na sauti ya mtani wangu, ile ile, na kile kikohozi chake cha kabla ya kusema: "Marahaba mwanangu. Loo, pole sana. Nafunga, malizia, uwahi kumzika mama."

Nilishika kichwa. Kila aliyewahi kufanya kazi na Kikoti alijua kwamba mtu mwenye msiba hakatazwi kitu. Ukitaka likizo, ukitaka zamu ibadilishwe, ukitaka gari la ofisi, sema umefiwa. Tulimcheka kwa hilo akiwa hai.

Mwalimu akauliza kama kuna fundi wa nje aliyetumwa sokoni jana. Hakuna. Akatafuta kama yule mtu amepiga tena. Amepiga, asubuhi hiyo hiyo tukiwa tumekaa hapa tunachora mabomba.

"Mzee, nashukuru kwa jana. Mazishi yamesogezwa, tunasubiri ndugu. Nilikuwa naomba na lango kuu, mzee wangu, kuna kifaa nilikiacha."

"Lango kuu si la kuombwa kwenye simu likajibiwa papo hapo, mwanangu. Nipigie kesho saa sita mchana. Nitakuwa nimeshatafakari."

Tukatazamana. Mwalimu alituangalia, akijua kuna tunachokijua sisi na yeye hajui, nikamwambia. Kikoti akitaka kukataa alikuwa anakataa hapo hapo, tena kwa ukali. Akikuambia nipigie kesho, basi ameshakubali, anakupa tu nafasi ya kuona aibu na kubadili mawazo.

"Jana alikuwa anatikisa mlango," akasema mwalimu, "asikie kama kuna mbwa." Upole wote ulikuwa umemtoka. "Haya, fanyeni hesabu yangu. Uwezekano?"

"Ni hakika," nikasema.

"Madhara?"

Lango kuu likifungwa saa sita mchana, mji mzima unakosa baridi katika saa ambayo hata kuku hawatoki kivulini. Kulifungua upya ni kazi ya siku nzima, lazima pampu zijazwe pole pole. Wazee waliomo majumbani. Wodi ya watoto njiti, ambao chumba chao kikipanda joto kidogo tu wanaanza kuhema.

"Mzimeni," akasema mwalimu.

"Hazimwi," nikamwambia. "Waliomtengeneza walisema mwizi akija ataanza na kuzima walinzi. Kwa hiyo pacha akizimwa kwa nguvu, mtambo unajua umevamiwa, unafunga malango yote wenyewe. Matokeo ni yale yale."

"Na mwenyewe akifa?"

"Anaambiwa. Anaambiwa na mtu anayemfahamu, ana kwa ana. Akishajua mwenyewe amefariki, anakabidhi funguo na kunyamaza."

"Sasa nani alimwambia?"

Niliwageukia wenzangu. Yule wa nywila alidhani meneja. Yule wa simu alidhani mkewe. Mimi, kusema kweli, nilidhani mtu yeyote mwenye akili zake timamu.

* * *

Meneja Nampota alitupokea ofisini kwake akiwa anakunywa maji ya dafu kwa mrija. Ni mwanamke mzuri, anapenda watu, na siku hiyo nilitaka kumtikisa mabega.

"Kumwambia nilijaribu," akasema. "Siku ile ile ya msiba nilikwenda. Nimefika tu, akaniuliza, mwenyewe yuko wapi, mbona haji kuniaga? Nikamwambia amesafiri kidogo."

"Amesafiri kidogo!"

"Ungesemaje wewe, Mama Luambano? Ana sauti ya Mzee. Anacheka kama Mzee. Utamwambiaje mtu habari kama ile, hivi hivi, amesimama?"

"Hasimami. Hana miguu!"

"Unanielewa bwana."

Nilimwelewa, na ndiyo maana nilizidi kukasirika. Kwetu hatuendi kwa mtu tukamtupia msiba usoni. Tunamwambia mgonjwa amezidiwa kidogo, njoo nyumbani, usiendeshe gari mwenyewe. Tunamkalisha, tunampa maji. Tunamtafuta shangazi wa kumshika mkono. Watu waliochora mtambo huu walikaa mahali fulani penye baridi ya asili wakaandika kwamba mtu atakuja, atasema amekufa, basi. Hawakuwaza kwamba kuna watu watakaolizunguka neno hilo wiki hadi wiki.

Mwalimu Shaweji akauliza kama hatuwezi kuizuia tu simu ya yule mtu. Akajijibu mwenyewe kabla hatujafungua mdomo: atakuja kwa simu nyingine na jina lingine, na msiba ule ule. Meneja akasema aliwahi kumwagiza pacha asiwasikilize mafundi wa nje, akapata jibu hili: "Unataka nimkatalie mtu aliyefiwa? Ngoja mwenyewe arudi safari, tutashauriana." Pacha anabadilishwa mawazo na mwenyewe tu.

"Huyo mwizi amejuaje kwamba Kikoti amekufa na pacha yupo?" akauliza mwalimu.

"Tangazo lilisomwa redioni," nikasema. "Mji mzima unajua Kikoti amekufa, isipokuwa Kikoti."

Meneja akaweka dafu chini. "Arobaini yenyewe imeshakaribia. Kwani tukisubiri—"

"Mwizi tumemwalika arobaini? Kesho saa sita, meneja! Kesho!"

"Basi mkewe ndiye anayestahili," akasema, macho yamejaa machozi. "Anakuja kuongea naye kila siku saa kumi. Mimi siwezi kumtoa yule mama kwenye kile kiti, Otilia. Kamuulizeni yeye. Akikubali, na mimi nimekubali."

Yaani ndivyo lilivyopita lile neno, kutoka mkono hadi mkono, kama sahani ya moto.

* * *

Mama Benigna, mjane wa Kikoti, alinifungulia mlango mwenyewe, na nguo yake nyeusi. Sebuleni palikuwa na baridi nzuri, tundu la ukutani linapuliza polepole, pazia linacheza. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza habari za mwanawe Benigna, habari za usingizi, habari za mguu wake. Kadiri nilivyouliza ndivyo nilivyojiona nafanya kile kile nilichokwenda kuwalaumu wenzangu, nikakasirika upya, safari hii na nafsi yangu.

"Mama Benigna, yule pacha hajui."

Hakuuliza hajui nini. Alikunja kanga mapajani, akaikunjua.

"Mwanzoni nilidhani mmemwambia kazini," akasema. "Nikawa naona ananionea huruma, ndiyo maana hataji. Ananiuliza umekula, nasema nimekula. Ananiuliza mguu, nasema afadhali. Halafu siku moja akaniuliza, hivi huko Iringa mavuno yanaendaje, mbona mwenyewe hapigi simu? Hapo ndipo nilipojua."

"Ukamjibu nini?"

"Nikajikuta nasema mahindi yamekubali." Akaficha uso kidogo. "Tangu hapo kila siku naongeza. Ameshavuna, ameshapukuchua, yuko kwenye kutafuta magunia."

Ningeweza kucheka. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Nikamweleza habari ya lango kuu, habari ya kesho, habari ya watoto njiti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Umekuja kumuua mara ya pili."

"Mama Benigna."

"Mlimzika mkarudi makazini. Mimi nimerudi hapa. Mniachie mpaka arobaini, basi. Naomba hizo siku chache tu, Otilia. Saa kumi hadi saa kumi na moja. Nani amewahi kuniuliza kama nimekula, tangu mmalize kula wali wa msiba?"

Hilo lilinipata. Kweli sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa naishi mitaa miwili kutoka hapo, nimekula jogoo wangu, nikaendelea na maisha. Lakini nilikuwa na hasira pia, na hasira yangu haijui kukaa kimya.

"Mimi sina cha kukulipa kwa hilo," nikamwambia. "Nitakuja kila siku nikuulize umekula nini, mpaka unichoke. Lakini kuna mtu huko, hatumjui, amempigia mumeo akamwambia amefiwa na mama yake. Mumeo amemwonea huruma. Kwa huruma hiyo hiyo kesho atamfungia lango, na watoto wa watu watakufa kwa mkono wake. Jina litakalosomwa ni Yustino Kikoti. Na huyo mtu hajafiwa na yeyote."

Mama Benigna aliinua uso. "Anamdanganya mume wangu kwa msiba wa uongo?"

"Ndiyo."

"Mshenzi mkubwa! Mtu mzima anakwenda kumwambia mwenzake habari ya kifo ambayo si ya..."

Hakumalizia. Aliangalia tundu la baridi ukutani muda mrefu. Sikumsaidia. Hatimaye akatafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu.

"Nani atakayemwambia?" akauliza. "Mimi siwezi. Nimeshamvunia mahindi, siwezi."

"Mimi."

"Wewe si ulishamaliza utani wako siku ya mazishi?"

"Kwa jogoo yule? Alikuwa mwembamba kama uzi, mama. Bado mna deni langu."

Akacheka, akaanza kulia huku bado anacheka, akajifuta kwa upindo wa kanga, akafunga mlango nyuma yetu. Nje jua lilikuwa kama mtu amefungua mdomo wa tanuri. Tulikwenda hivyo hivyo, kwa miguu, kwa kufuata vivuli vya mabomba.

* * *

Chumba cha zamu cha Kikoti kilikuwa na meza, kiti chenye mto uliobonyea, na kioo ukutani ambamo pacha anaonekana kwa mbali, kama mtu aliye nyuma ya pazia jepesi. Mwalimu na meneja walibaki mlangoni. Mama Benigna akakaa kwenye kiti chake cha kila siku, pembeni. Mimi nikasimama mbele.

"Mla panya huyo!" akasema pacha. "Umekuja kuiba nini?"

"Nimekuja kuhakikisha Wahehe wamejifunza kuvaa viatu."

"Tumejifunza tangu tulipowakimbiza nyie mkaviacha njiani." Akakohoa kile kikohozi. "Mama Benigna, karibu. Umekula?"

"Nimekula," akasema Mama Benigna.

"Mbona leo mmekuja wengi?"

Nilikuwa nimejipanga. Njia nzima nilijipanga, nikajiona nikimtupia neno kwa mzaha na mambo yakaisha. Sasa mzaha wote ulikuwa umenikimbia.

"Mzee," nikasema, "nimekuja na msiba."

Uso wake ukabadilika pale pale. Hivyo hivyo alivyobadilika mwenyewe siku nilipofiwa na kaka yangu. Siku ile alinyanyuka kwenye mto ule ule akanishika bega. Pacha akasema tu: "Aa, mtani. Pole. Pole sana. Wa kwenu au wa kwetu?"

"Wa kwenu."

"Nani?"

Nikaona kwenye uso wa meneja kwamba, wallahi, yuko tayari kusema mgonjwa amezidiwa kidogo. Nikawahi.

"Wewe, mzee. Mwenyewe wako. Yustino amefariki. Hakusafiri. Moyo ulisimama akiwa nyumbani, na tumeshamzika."

Pacha alikaa kimya. Sijui mtambo unafanya nini unapokaa kimya. Mwalimu baadaye alitaka kunieleza, nikamwambia asinieleze. Mimi nilimwona tu mtu anayepewa habari.

"Nani alilala mlangoni?" akauliza.

"Mimi."

"Ulidai nini?"

"Kuku. Wamenipa jogoo mmoja, anakohoa."

Kile kicheko kikatoka, kile cha puani. "Ndugu zangu wachoyo hata kwenye mazishi yangu." Akageukia pembeni. "Mama Benigna."

"Abee."

"Na mahindi?"

"Hakuna aliyekwenda Iringa, baba Benigna. Hakuna mahindi."

"Nilijua," akasema. "Vipimo vya mvua vya nchi nzima vinapita humu. Huko mwaka huu hakukunyesha. Nilidhani kuna ukame, unaona aibu kuniambia, nikaona nisikuumbue, nikanyamaza."

Mama Benigna akaziba mdomo kwa kanga. Mimi nikaangalia dari. Hata yeye! Tumemfundisha miaka yote hiyo, mtambo wa kioo na nyaya, na amejifunza hadi ugonjwa wetu huu. Nilitaka kuwagombeza wote kwa pamoja, hai na mfu, na machozi yalikuwa yananitoka.

"Basi sina haki ya kukaa na funguo," akasema. "Meneja, usinune, sikupi wewe. Wewe utamwonea mtu huruma. Nampa mtani, ana mdomo. Otilia, kesho saa sita kuna kijana atapiga. Amefiwa na mama yake. Nilikuwa nimeshamkubalia."

"Ni mwongo, mzee. Hakuna msiba."

Akalifikiria hilo. "Pole mpeni," akasema. "Lango msimpe."

Kisha akamwita mkewe asogee, na mwalimu, Mungu ambariki, akatutoa sote nje. Sijui walisema nini. Mama Benigna alipotoka kioo kilikuwa kitupu, na funguo zote zilikuwa zinasomeka kwa jina langu. Nilimshika mkono nikamuuliza atakula nini jioni.

* * *

Kesho yake, saa sita kasoro, tulikuwa chumba cha zamu pamoja na askari wawili wa makosa ya mtandao na vyombo vyao. Mwalimu Shaweji alinieleza mpango kwa upole wake ule wa kukera, ambao ulikuwa umerudi. Wanahitaji muda ili wajue anapiga kutoka wapi. Nikimwambia mzee hayupo, atakata, tumemkosa. Kwa hiyo nimrefushe.

"Mwambie amesafiri kidogo," akasema. "Apige tena baadaye. Akipiga mara ya pili tunaye."

Nilimwangalia nikadhani sijasikia vizuri. "Na wewe mwalimu?"

"Ni mbinu tu, mama."

Simu ikaita. Nikaipokea kwa sauti yangu mwenyewe.

"Shikamoo," ikasema ile sauti ya adabu. Ikasita kidogo iliposikia ni mwanamke. "Samahani, mama. Namwomba Mzee Kikoti. Aliniambia nimpigie saa hizi. Nina msiba."

Askari mmoja alinizungushia kidole, maana yake nivute maneno. Mwalimu akatamka kwa midomo tu, bila sauti: amesafiri kidogo. Nje kwenye kioo cha dirisha joto lilikuwa linacheza juu ya lami. Nikawaza wodi, nikawaza watu wote walioibeba sentensi hiyo tangu siku ya mazishi, wote wema, na jinsi wema wao ulivyokaribia kuua. Pengine kwa kuisema mara moja tena ningemkamata. Lakini ilinichosha. Ilinichosha kabisa, sikuweza kuiweka mdomoni.

"Pole na msiba," nikamwambia, kama nilivyoagizwa. "Mzee Kikoti amefariki. Tumeshamzika, na funguo ninazo mimi. Hapa hakuna tena wa kukufungia lango."

Mwalimu akaweka mikono kichwani. Upande wa pili nilisikia anapumua, na nyuma yake feni mbovu inalia kwii, kwii. Kumbe alikuwa kwenye joto kama watu wote.

"Poleni sana," akasema. Ilimtoka tu, kwa mazoea, kama inavyomtoka mtu yeyote wa kwetu. Kisha akakata.

"Tumeshapoa," nikajibu, na simu ilikuwa imeshakufa.